Shangazi wa Kompyuta: Antivairasi ipo, mbona haisasishwi?

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa na hasira kidogo, unisamehe. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10. Tunaitumia watu wanne: mimi, baba watoto, mpwa wangu anayesoma chuo, na shemeji akija kututembelea. Anayeikalia zaidi ni mimi, kwa sababu humo ndimo ninamoandika ankara na vipimo vya wateja wangu wa ushonaji.

Miezi kama kumi na minne iliyopita, antivairasi tuliyowekewa na fundi iliisha muda wa majaribio. Kila asubuhi ilileta dirisha la kudai leseni, nami nikalifunga kama mtu anavyofukuza inzi. Mwezi uliopita mpwa wangu akaiondoa, akasema Windows ina ya kwake iitwayo Defender na inatosha. Kweli ikajiwasha. Ila ile ngao ya chini kulia ina alama nyekundu, na nikiingia ndani naona ilisasishwa mara ya mwisho zaidi ya miaka miwili iliyopita. Nikibonyeza kitufe cha kutafuta masasisho inazunguka weee, halafu inatoa namba hii, nimeinakili kama ilivyo: 0x80072F8F.

Baba watoto anasema nahangaika bure. "Antivairasi ipo au haipo? Ipo. Basi." Anaongeza kuwa masasisho yanakula bando, na kwamba ndiyo hayo hayo yaliyoangusha kompyuta dunia nzima Julai 2024. Mpwa wangu, ili tusigombane, akaandika mstari mmoja wa herufi za ajabu kwenye Notepad, akahifadhi faili, na papo hapo Defender ikapiga kelele kuwa imekamata kirusi. Akasema ni jaribio linaitwa EICAR, halina madhara. Baba watoto akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku tatu baadaye mpwa huyo huyo alichomeka flashi aliyotoka kuchapishia kazi zake za chuo. Nilipochomeka yangu baada ya yake, folda zangu zote zilikuwa zimegeuka vishale, yaani zile njia za mkato, na kila moja ina ukubwa wa kilobaiti moja au mbili. Vipimo vya wateja wa miaka mitatu! Defender haikusema hata neno. Sasa shemeji anashauri tuweke antivairasi mbili kwa pamoja, eti mlinzi mmoja akisinzia mwingine yuko macho.

Sijui kama hili linahusu, lakini saa ya kompyuta nayo imezeeka. Karibu mwaka sasa kila umeme ukikatika inarudi Januari 1, 2015. Zamani tulikuwa tunairekebisha, tukachoka, saa tunaangalia kwenye simu. Mteja mmoja alinicheka kwa sababu ankara yangu ilikuwa na tarehe ya 2015. Na tovuti nyingi siku hizi zinasema muunganisho si salama, hivyo mambo ya intaneti nafanyia kwenye simu.

Nifanyeje, Shangazi? Na nani ana haki hapa nyumbani?

Mimi,
Niliyechoshwa na Ngao Nyekundu

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe kwenye ile aya uliyodhani haihusu. Kompyuta yako inaamini ni mwaka 2015. Si 2015 tu, bali siku ya kwanza ya mwaka huo, wakati Windows 10 yenyewe ilitoka Julai 29, 2015. Yaani mashine yako inaishi katika siku ambayo mfumo wake wenyewe haujazaliwa.

Unapobonyeza kitufe cha kutafuta masasisho, kompyuta inapiga hodi kwa seva ya Microsoft. Kabla ya kupokea chochote inaiomba seva kitambulisho, yaani cheti cha kidijitali, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Seva inatoa cheti chake cha miaka hii. Kompyuta yako inatazama kalenda yake, inaona cheti hicho kitaanza kutumika miaka mingi ijayo, inasema huyu ni tapeli, inafunga mlango. Ndiyo maana ya 0x80072F8F: mazungumzo ya siri na seva yameshindikana, na sababu ya kwanza ambayo fundi huitazama akiona namba hiyo ni tarehe na saa. Tovuti zinazodai muunganisho si salama zinakataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo intaneti yenu haina kosa, na Defender haijaharibika.

Utaniuliza mbona haijirekebishi yenyewe, maana Windows huwa inachukua saa kutoka kwenye intaneti. Ni kweli huwa inachukua. Lakini kwa mpangilio wa kawaida, kompyuta ya nyumbani haikubali kusogezwa zaidi ya saa 15 kwa mara moja kwa njia hiyo. Ikiona tofauti ni ya miaka, inashuku anayeitajia saa ndiye muongo na kuibakiza ya kwake. Ni tahadhari ya maana, ila kwenu imewageuka.

Kinachorudisha saa nyuma ni betri. Ndani ya kompyuta, kwenye ule ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, kuna betri ya duara kama sarafu, mara nyingi imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Inadumu miaka kadhaa, halafu inakufa kimya kimya bila kumwambia mtu. Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha boksi, kisha sukuma kile kikamatio kidogo pembeni ya betri, itaruka yenyewe. Mpya ikae kama ya zamani ilivyokaa, upande wa kujumlisha ukitazama juu. Kabla ya hapo ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo ya madabodi inayoamka kabla ya Windows, uipige picha kwa simu, kwa sababu baadhi ya mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani. Na kama diski yenu imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, uwe na ule ufunguo wa dharura mkononi, maana mipangilio ikibadilika inaweza kuudai. Ukiona mkono unatetemeka, mpe fundi. Hakuna aibu.

Kwa leo, kabla betri haijapatikana, weka tarehe na saa kwa mkono, usisahau mwaka, hakikisha na ukanda wa saa ni wenu, halafu bonyeza tena kitufe cha masasisho.

Sasa tuje kwa baba watoto, na nataka nimtendee haki, kwa sababu hoja yake moja ni nyepesi na nyingine ina uzito.

Nyepesi ni hiyo ya "ipo, basi". Antivairasi ni mlinzi mwenye daftari. Ndani ya daftari kuna alama za virusi vinavyojulikana: vipande vya msimbo, alama za faili nzima zilizokokotolewa kama alama za vidole, na maelezo ya tabia, kwa mfano programu inayojinakili kwenye kila flashi inayochomekwa. Daftari hilo ndilo linaloitwa fafanuzi au saini za virusi, na Microsoft huliandika upya mara kadhaa kila siku. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani inasema husajili programu hasidi na zisizotakiwa mpya zaidi ya 450,000 kwa siku. Nyingi ni sura mpya za zile zile za zamani, sitaki kukutisha, lakini sura mpya ndiyo inayompita mlinzi mwenye daftari kuukuu. Daftari lenu ni la zaidi ya miaka miwili. Mlinzi yupo, amevaa sare, anapiga saluti, na anayeingia hamjui.

Ndiyo maana lile jaribio la mpwa wako limenifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Kijana ni mwerevu, ameandika herufi 68 bila kukosea. Lakini EICAR ni maandishi yasiyobadilika, yaliyokubaliwa na watengenezaji wa antivairasi tangu miaka ya 1990 kama kengele ya majaribio. Antivairasi ya juzi inayatambua, na ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita inayatambua. Yanakuambia kitu kimoja tu, kwamba mlinzi hajalala, na hayagusi swali la kama daftari lake ni la leo. Ulichokiona siku tatu baadaye kwenye flashi yako ndicho kilichojibu swali hilo.

Hoja yenye uzito ni ya Julai 2024. Baba watoto hakubuni. Julai 19, 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilitoa faili la masasisho lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikaanguka kwenye skrini ya buluu. Kampuni iliirudisha nyuma faili hiyo baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka zilihitaji kufufuliwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Na haikuwa mara ya kwanza. Aprili 21, 2010 saini mpya za antivairasi ya McAfee ziliidhania svchost.exe, faili halali ya Windows, kuwa kirusi, na kompyuta nyingi za Windows XP zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Kwa hiyo masasisho yanaweza kuvunja kitu, na anayekuambia haiwezekani hajakaa na mashine muda mrefu.

Lakini mwambie na hili. Bidhaa ile ya CrowdStrike huuzwa kwa mashirika, na kompyuta za nyumbani karibu zote zilipita siku hiyo bila kujua kuna jambo. Kisha apime upande wa pili wa mizani. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kwenye Windows. Mei 12, siku 59 baadaye, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilo hilo, kikafunga mafaili katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Waliokuwa wameweka kiraka kwa ile miezi miwili, tundu lile kwao lilikuwa limezibwa. Mimi nikiwekewa mezani hofu hizi mbili, naichukua ile ya kwanza na dawa yake: nakala ya kazi zako kwenye diski ya pembeni inayochomolewa ukimaliza. Hiyo inakukinga na masasisho mabovu, na virusi pia.

Umeona nimechanganya vitu viwili hapo? Nimefanya makusudi, kwa sababu watu wengi huvichanganya. Saini za virusi zinamfundisha mlinzi sura za wezi. Viraka vya Windows vinaziba ukuta. Unahitaji vyote, na kwenu ukuta una habari yake: Windows 10 ilimaliza muda wa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Microsoft imesema itaendelea kuipelekea Defender saini mpya humo hadi Oktoba 2028, kwa hiyo ngao inaweza kuwa ya kijani kibichi kila siku huku ukuta hauzibwi tena. Kwa watumiaji wa nyumbani ulifunguliwa mpango wa kuongezewa viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026, wa kujiandikisha. Kama mashine yenu inakubali Windows 11, anzeni kulizungumza hilo mapema. Msiridhike na rangi ya ngao.

Kuhusu bando, ana nusu ya haki. Masasisho makubwa ya Windows ni mlafi kweli. Saini za kila siku ni nyongeza ndogo ndogo juu ya zilizopo, na kinachofanya ziwe nzito ni kukaa muda mrefu bila kuzichukua, kama ninyi, mpaka inabidi kupakua kifurushi kizima kinachozidi megabaiti 100. Mkipata kompyuta nyingine safi yenye intaneti ya uhakika, Microsoft wanacho kifurushi hicho kwenye tovuti yao kama faili moja, mpam-fe.exe. Chagueni cha biti 64 ikiwa Windows yenu ni ya biti 64, kibebeni kwa flashi safi, bofyeni mara mbili. Hakioneshi sherehe yoyote kikimaliza, kwa hiyo usikae ukisubiri dirisha la pongezi. Fungua Windows Security, yaani lile dirisha la ngao, uangalie tarehe.

Shemeji naye apewe pole. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hazifanyi kazi kama walinzi wa zamu. Zote zinataka kushika kila faili linapofunguliwa, zinasubiriana, kompyuta inakuwa nzito kama imebeba mawe, na wakati mwingine moja inaishuku nyingine. Ndiyo maana Defender hujiweka pembeni ukiweka ya kampuni nyingine. Na hapo ndipo mlipoumia kwanza: ile ya majaribio ilishika lindo, ikaishiwa leseni, ikabaki inadai pesa. Dirisha ulilokuwa ukilifunga kila asubuhi lilikuwa na habari ya kweli, ila liliandikwa kwa lugha ya kuuza, na mtu huchoka kuuziwa.

Tuje kwenye flashi yako, maana najua moyo uko huko. Vipimo vya wateja karibu hakika bado vipo. Kirusi cha aina hii hakifuti folda. Kinazificha, kisha kinaweka vishale vyenye majina yale yale ili ukibofya ukiamshe chenyewe, na wakati huo huo kinakufungulia folda halisi usishtuke. Kwa hiyo usibofye kishale hata kimoja. Saini zikishakuwa mpya, kwanza safisha kompyuta: ndani ya Windows Security chagua ule ukaguzi wa Defender ulioandikwa Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka upya, ikague kabla Windows haijaamka, kwa kama dakika 15. Hifadhi kazi yako kabla. Baada ya hapo fanya ukaguzi kamili ukiwa umechomeka flashi. Ukaguzi huo ni mrefu, acha usiku.

Ikishasafika, tazama flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua lile dirisha jeusi, uandike hivi, na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter usubiri. Folda zako zitajitokeza pembeni ya vile vishale. Wakati mwingine zote zinakuwa zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ifungue utazikuta. Nakili vipimo vyako kwenye kompyuta, futa vishale, kisha ifomati flashi.

Neno la siri la barua pepe na mengine yoyote mliyowahi kuandika kwenye kompyuta hiyo, badilisheni, ila mbadilishie kwenye simu. Virusi vya flashi wakati mwingine huja na mgeni wa pili anayesoma kinachochapwa kwenye kibodi.

Kama umesharekebisha tarehe na bado masasisho yanakataa, hapo niandikie tena mara moja, kwa sababu kuna virusi ambavyo kazi yao ya kwanza ni kuziba njia ya masasisho. Conficker mwaka 2008 kilifanya hivyo: mtu alifungua tovuti zote isipokuwa za antivairasi na za Microsoft. Sidhani kama ni kwenu, maana ninyi hata tovuti nyingine zinagoma, lakini nataka ujue dalili yake.

Umeuliza nani ana haki. Wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyefungua ndani ukasoma tarehe. Ila baba watoto mpe kazi ya betri, nadhani ataipenda. Mkishaiweka, zimeni, chomoeni waya ukutani, muache mpaka asubuhi. Mkiwasha na mwaka uko sawa, fungueni Windows Security muone mstari wa mara ya mwisho kusasishwa. Ukionesha siku ya leo au ya jana, mpwa wako arudishiwe ruhusa ya kuchomeka flashi, akiikagua kwanza mbele yako. Kabla ya hapo, kazi zake za chuo ajitumie kwa barua pepe kutoka kwenye simu.

Shangazi wako